Sufuria Tuliyoisugua kwa Mchanga

Kama umeambiwa leo kwamba damu ya mtoto wako ina madini ya risasi, yale yanayokaa ndani ya betri za gari, na umekaa kwenye benchi la hospitali hujui umpigie nani simu, basi kaa nami kidogo. Mimi si daktari. Ni fundi wa nguo, nashona yunifomu za shule kwenye soko dogo karibu na Wamunyu, na watu wananiita Mama Ndinda. Sitakuambia usiogope, maana mimi nilipoambiwa hivyo nilitamani kumtupia aliyeniambia kiatu. Nitakueleza tu tulikopita, na wewe uchukue litakalokufaa.

Mkono wangu ndio ulioanza.

Yalikuwa majira ya mbaazi mbichi, baridi ya asubuhi inauma, na kazi ilikuwa imejaa mezani. Nasukuma kitambaa chini ya sindano, kiganja cha kulia kinainama chenyewe. Hakiumi, hakina ganzi, kinakataa tu kuinuka. Siku moja nilishona mkono wa shati mahali pa kola, na mwenye shati akacheka mpaka akatafuta kiti. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaingia nyuma ya pazia, nikauinua ule mkono mbele ya macho yangu, nikauona unaning'inia.

Tumbo nalo likafuata. Maumivu yalikuja ghafla yakanikunja mpaka magoti yakagusa kidevu, na choo kikawa kigumu kama cha mbuzi. Mdomoni nilikuwa na ladha kama mtu aliyelamba ufunguo. Uso ulikwisha rangi. Hasira ndiyo usiseme, nilikuwa nafoka hata kuku wakipita mlangoni.

Nilizunguka zahanati. Ya kwanza ikasema amiba, ya pili ikasema taifodi, ya tatu ikasema vidonda vya tumbo na nipunguze mawazo. Nipunguze mawazo! Kila nilipoingia nilitoka na ugonjwa mpya na vidonge vya rangi mpya, nikavimeza vyote, na mkono ukaendelea kuning'inia.

Nyumbani tulikuwa watu wanne. Mume wangu, Mutua, ni mchonga vinyago. Mama yake, ambaye mimi namwita Mwaitu, yaani mama, kama anavyomwita mwanawe, ndiye mwenye jiko. Mimi nashinda sokoni, yeye anashinda na mtoto, na chakula chake kinasifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Na mtoto ni Ndinda, ambaye kwa desturi yetu amebeba jina la bibi yake huyo huyo, kwa hiyo Mwaitu hakuwahi kumwita mjukuu. Alimwita "mwenzangu". Akitoka shambani utamsikia tangu langoni, "Mwenzangu ameshinda aje?" na Ndinda anakimbia akipiga kelele, "Susu! Susu!" maana ndivyo tunavyoita bibi.

Alikuwa kasuku, huyo mtoto. Alikuwa amefika umri wa miaka mitatu na alizungumza na ng'ombe, na ndoo, na kivuli chake. Ndiyo maana nashindwa kukuambia ni lini hasa alinyamaza. Maneno yalimtoka moja moja. Kwanza aliacha kuimba. Halafu akitaka maji ananyoosha kidole. Nikasema anadeka. Akawa anashika tumbo na kulala chini kwenye vumbi mchana kweupe, nikasema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Halafu siku moja Mwaitu akarudi kutoka kisimani, akaita kutoka langoni kama kawaida, na Ndinda akamtazama tu. Hakukimbia. Hakusema Susu.

"Mama Ndinda," Mwaitu akaniambia jioni hiyo nikimenya viazi, "huyu mtoto amenisahau?"

"Ameboeka tu, Mwaitu."

"Mtoto haboeki na jina lake."

Nikaendelea kumenya. Nilikuwa na hofu ileile, na sikutaka kuisikia ikisemwa.

Mvua za vuli zilikuwa zimekaribia, watu wako mashambani wanapanda kwenye vumbi, Ndinda aliposhikwa na degedege. Hakuwa na joto mwilini hata kidogo. Alikakamaa mikononi mwangu, macho yakageuka juu, povu likamtoka. Nilipiga nduru ambayo sikujua ninayo. Mutua alitoka mbio kutoka karakana na vumbi la mbao kwenye nyusi, akamnyakua, na safari nzima hadi hospitali kubwa ya Machakos alimshikilia kifuani akimwambia, "Baba yuko hapa, baba yuko hapa," na mimi nyuma nikiomba Mungu kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote atakayosikia.

Daktari wa watoto alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimpima Ndinda, kisha akanitazama mimi. Aliniambia ninyooshe mikono mbele. Wa kulia ukaanguka. Akaniambia nifungue mdomo, akamulika fizi, akaona mstari wa bluu ambao mimi nilidhani ni wa dawa.

"Mama, kuna mtu nyumbani anafanya kazi ya betri? Ama kupaka rangi?"

"Mume wangu anachonga."

"Anapaka nini kwa hizo vinyago?"

"Vanishi. Na rangi nyeusi. Na polishi ya viatu wakati mwingine."

Akaandika. Mutua alikuwa amesimama hapo mlangoni, na niliona anavyoitazama mikono yake mwenyewe.

Damu zetu zikapelekwa Nairobi. Majibu yalikuja mvua ikiwa imeshanyesha, na mahindi yamechipuka. Yangu ilikuwa na risasi nyingi. Ya Ndinda ilikuwa na zaidi. Ya Mutua ilikuwa nayo kidogo, na hiyo kidogo ikatutosha. Mwaitu alikataa kupimwa katakata. "Damu yangu imezeeka na mimi, iacheni ipumzike," akasema. Na kweli alikuwa akisahau alikoweka ufunguo na viungo vikimuuma, lakini nani hushangaa mzee akisahau?

Basi tukamhukumu Mutua. Sisemi daktari ndiye aliyemhukumu, yeye alisema tu tuondoe rangi na vumbi nyumbani mpaka ijulikane. Hukumu tuliitoa sisi. Alihamisha tezo zake za kuchongea, patasi zake, makopo yake, hata viatu. Alivua nguo nje nikazifua kando. Akahamia karakana, akalala pale kati ya vifaru na twiga wasiokamilika. Akija kumsalimia mtoto anasimama ng'ambo ya ua.

"Si unikaribishe hata chai," aliniambia mara moja.

"Kunywa huko huko."

"Mama Ndinda, mimi ningejua…"

"Ungejua! Mtoto hajui jina lake, wewe unaniambia ungejua!"

Aliinamisha kichwa akaenda. Nikalia nikiwa nimeshikilia mti wa ua, na Ndinda ananitazama bila neno.

Sasa nikueleze wodi, kwa sababu huenda uko huko. Tulilazwa wote wawili. Dawa ni vidonge ambavyo ukifungua kopo vinanuka mayai viza. Mimi nilimeza vyangu nimeziba pua. Vya Ndinda nilivifungua, nikamwaga unga wake kwenye ndizi iliyopondwa, na bado alijua. Aliuma meno. Nilimfunga shuka mwilini kama mtoto mchanga, nikambana kidevu, nikamlisha akinikodolea macho, na hapo ndipo nilipojua kuwa mama anaweza kuogopwa na mwanawe. Vidonge hivyo havikuwa vingi nchini, kila mara tuliambiwa tusubiri, mara vimefika, mara bado. Kuna kusubiri kwenye foleni na kuna kusubiri dawa ambayo mtu mwingine yuko nayo ng'ambo. Kwa kwanza unachoka miguu. Kwa pili nilikuwa nikisikia gari la hospitali likiingia langoni, nakimbilia dirishani.

Kulikuwa na mama kutoka Yatta kwenye kitanda cha pili, mwanawe alikuwa ameungua. Alikuwa na chupa ya chai isiyoisha, sijui aliijaza wapi. Kila nilipotoka kumlisha Ndinda dawa, alinimiminia kikombe bila kuuliza chochote. Kama unasoma haya, mama, nakushukuru. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ningefungua mdomo ningelia.

Na tukapona kidogo! Ndiyo. Tumbo likalegea, nikaenda choo nikatoka nikiimba. Ndinda akaanza kula. Asubuhi moja akaonyesha dirisha akasema, "Ndege." Neno moja. Nilimpigia Mutua simu nikamwambia, na upande ule wa simu nikasikia mtu mzima akipumua kama aliyekimbia.

Tulirudi nyumbani maembe yameiva. Mwaitu alikuwa ametupikia kila kitu tunachopenda. Muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa na kutolewa maganda, yamechemka na maharagwe kutwa nzima mpaka yakawa laini. Na kwa Ndinda, uji wa ukwaju, mchachu, wenye sukari, ule anaoupenda tangu aanze kula. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. "Mwenzangu amekonda," Mwaitu alisema, "hospitali haina mkono wa bibi." Mtoto alikunywa mpaka akapata masharubu ya uji, nasi tukacheka kwa furaha.

Maembe yakaisha. "Ndege" ikapotea. Mkono wangu, uliokuwa umeanza kushika mkasi, ukaanguka tena. Siku ya kurudi kupimwa niliketi kwenye lile benchi la mbao, na yule daktari mdogo alipotoka na karatasi nilijua kabla hajafungua mdomo. Imepanda. Ya Ndinda imepanda kuliko ya kwanza.

"Baba yake bado analala nyumbani?"

"Hajakanyaga ndani tangu vuli."

Akaweka kalamu chini. "Basi mama, hiyo kitu haikuwa kwa baba. Iko ndani ya nyumba. Inaingia kila siku."

Ndugu yangu, nimeogopa mambo mengi. Sijawahi kuogopa kama safari ile ya kurudi. Nilikuwa nampeleka mwanangu kwenye kitu kinachomuua na sikijui. Nilipofika sikumweka chini. Niliziangalia kuta. Nikaliangalia tangi la maji, mabati, udongo wa ua, kitanda, blanketi, chumvi. Nilitupa unga wote wa nyumba. Nilimkataza Ndinda kugusa mlango. Mwaitu akanitazama akatikisa kichwa. "Sasa mtoto atakaa hewani?" Akampelekea uji. Na mimi, kwa sababu ulikuwa uji tu, nikampokelea kikombe.

Nilimwendea Syombua, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, tuliyesoma naye shule ya msingi. Yeye alipeleka habari kaunti, akapiga simu, akapiga tena, mpaka wakakubali kututumia afisa wa afya ya umma na mashine ya kupima madini. Walipotuambia siku ya kuja, Mwaitu alifurahi. Wageni! Akafagia ua, akachinja kuku, akatoa vyombo vyote nje kuvisugua.

Hapa lazima nikueleze habari ya sufuria, kama wewe si wa huku. Wanawake wa kijiji chetu wana chama cha vyombo. Kila mwezi wanachangishana, wanamnunulia mmoja wao sufuria nzito ya kumiminwa, ile ya fundi wa soko anayeyeyusha vyuma chakavu akavimimina kwenye mchanga. Inakaa maisha. Haiunguzi muthokoi hata ichemke kutwa. Siku ya kupewa unaimbiwa, unachezewa, na kabla hujaibeba wenzako wanaisugua kwa zamu, kwa mchanga wa mto na maji ya ukwaju, mpaka uone meno yako ndani. Na tangu siku hiyo usithubutu kuiacha iwe nyeusi. Mwanamke mwenye sufuria nyeusi anasemwa hadi mazishini. Ya Mwaitu alipewa mwaka ule Ndinda alipoanza kula, ndiyo ya uji na muthokoi wetu, na ilikuwa inang'aa kuliko zote. Aliisugua kila asubuhi. Alisimama nayo juani na kuigeuza geuza, na nikisema kweli, nilijivunia.

Basi afisa akaja na mashine yake, kama drili ya fundi. Akaigusisha ukutani. Hamna kitu. Rangi ya mlango, hamna. Udongo, maji, hamna. Mutua aliitwa na makopo yake ya vanishi, akasimama ng'ambo ya ua kama mtu mahakamani. Afisa akapima moja baada ya jingine, akainua kichwa. "Hizi ziko sawa."

Mutua alinitazama. Sijui kama nitawahi kulisahau lile jicho.

Ndipo Mwaitu akatoka jikoni na sufuria yake, imetoka kusuguliwa kwa heshima ya wageni, maji yakidondoka, akaitua mezani. "Na hii si upime pia, mwanangu," akamwambia afisa akitabasamu. "Hii ndiyo mzee wa nyumba."

Akaigusisha. Akasubiri. Akaigusisha upande mwingine. Akaketi.

"Imefaulu?" Mwaitu akauliza.

Kuku anachemka, Ndinda amekaa chini na kikombe cha uji mikononi, na afisa anamtazama Ndinda. Nilimfikia kwa hatua moja. Nilimpokonya kile kikombe, kikamwagika juu yake na juu yangu, akaanza kulia, na mimi nikamvuta mbali na meza kana kwamba ile sufuria ingeruka.

"Ni nini?" Mwaitu anauliza. "Mutua, ni nini? Ni uji jamani!"

Afisa alimweleza polepole, kwa heshima, akimwita mama. Fundi anayeyusha kila kitu kwa pamoja, pistoni, rejeta, hata vichwa vya betri, na risasi inabaki ndani ya chuma. Uchachu wa ukwaju unaitoa. Kuchemsha kutwa kunaitoa. Na mchanga, kila asubuhi, unafungua chuma upya. Alimaliza. Mwaitu alikuwa ameziangalia nyuso zetu zote, na mwisho akaangalia viganja vyake.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Woi, Ngai, Mungu wangu. Jina langu nimelilisha sumu mimi mwenyewe."

Alikwenda akaketi nyuma ya ghala, na hakula yule kuku wala kitu kingine siku hiyo. Mutua alimfuata, akakaa naye. Jioni alirudi kulala nyumbani. Nilimwandalia maji ya kuoga, nikamwambia, "Baba Ndinda, nisamehe." Akasema, "Maji ni moto?" Nikasema ni moto. Akaoga.

Lakini sikuweza kulala na kusema yamekwisha, kwa sababu ile haikuwa sufuria ya Mwaitu peke yake. Kila boma la chama lilikuwa na yake. Nilikuwa nikipita njiani nasikia mchanga ukikwaruza chuma, kwa Mama Kioko, kwa Mama Muli, kila jiko, na watoto wanacheza kando.

Syombua na mimi tulienda nyumba kwa nyumba. Usidhani tulipokewa kwa vigelegele.

"Mimi nimepikia watoto wangu kwa hii na wako shule," akasema mmoja.

"Nyinyi mmeletewa sufuria za duka muuze?" akasema mwingine.

Na Mama Kioko, rafiki yangu, alinifungia mlango. Nilikaa kwenye kizingiti chake nikaongea na mbao za mlango. Nikamwambia, "Siitaki sufuria yako. Nataka umlete Kioko apimwe damu. Ikiwa safi, nitakuja kusugua hiyo sufuria yako mimi mwenyewe mbele ya watu." Baadaye alinijia sokoni akakaa kando ya cherehani, akaniambia kwamba Kioko, aliyekuwa anasoma vizuri, siku hizi anasoma sentensi na kuisahau akigeuza ukurasa. Alikuwa amelijua tangu zamani. Alikuwa anaogopa tu kulisikia, kama mimi.

Tulikubaliana kukutana kanisani, mvua ndefu zikianza. Afisa alirudi na mashine. Wanawake wakaja na sufuria vichwani, zote zimesuguliwa, kwa maana hata siku ile hakuna aliyetaka kuonekana na nyeusi. Waliketi kwenye mabenchi nazo mapajani. Mashine ilipita kutoka moja hadi nyingine, na baada ya kila moja kulikuwa na mwanamke anayetazama chini. Chache zilipita. Hata mwenye kupita hakushangilia. Fundi wa sufuria alikuwa amekuja pia, kijana wa hapa hapa, na wanawe wawili amewashika mikono, anauliza wao wapimwe wapi. Hakuna aliyemfokea. Ungemwona mwenyewe usingeweza.

Nje kulikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Alikuwa amepata habari. Akasema atazichukua zote, na atatulipa vizuri, kesho asubuhi zisiwe kero yetu. Wengine wakaanza kuinuka. Hapo ndipo hofu nyingine ikaniingia: zitaenda wapi? Zitarudi motoni. Zitarudi sokoni zikiwa mpya, aje azinunue mama mwingine huko Masii, huko Kitui, aimbiwe, achezewe. Nikamgeukia Syombua nimwambie.

Mwaitu alisimama. Hakuwa ameongea mbele ya watu tangu siku ile. Alimwendea Mutua mlangoni, akanyoosha mkono. "Nipe tezo yako."

"Mwaitu, utajikata."

"Nipe."

Akampa. Ile tezo tuliyoifukuza nyumbani. Mwaitu aliigeuza sufuria yake kifudifudi kwenye ngazi ya kanisa, ile inayong'aa kuliko zote, akainua tezo kwa mikono miwili, akapiga. Ikalia mpaka ndani ya kanisa. Haikutoboka. Akapiga tena, na tena, analia na kupiga, mpaka tundu likatokea kubwa la kupitisha ngumi. Kisha akaiinua juu watu waone mbingu ndani yake.

"Sasa inunue," akamwambia wa mkokoteni. "Na ukizinunua tutajua umezipeleka wapi, na tutakufuata."

Mama Kioko ndiye aliyefuata. Baada ya hapo zilitobolewa zote, wachongaji wakileta tezo zao, kelele ile ikasikika hadi sokoni. Zilifungiwa kwenye stoo ya kanisa, ufunguo tukamwachia Syombua, mpaka lori la kaunti lilipozichukua. Tulikwenda nalo watu watatu kuona zinakoshushwa. Hata hivyo bado nikienda soko lolote naziangalia sufuria mpya zikiwa zimepangwa chini. Kama unayo ya namna hiyo, usiiuze. Itoboe kwanza, uipeleke kwa afisa wa afya. Na kama mtoto anapoteza maneno, usiseme anadeka. Omba damu ipimwe.

Tulirudi wodini mara mbili zaidi. Mayai viza, ndizi, shuka. Mara hii namba zilishuka na zikaendelea kushuka, na nyumbani hazikupanda. Mwaitu mwenyewe alipimwa mwishowe, akatibiwa. Mkono wangu unashika mkasi, ingawa nikichoka bado unainama, na mashati ya kola ngumu nampa fundi mwenzangu. Kioko anarudia darasa. Kuhusu Ndinda, daktari hakunidanganya. Alisema kuna yatakayorudi na kuna ambayo hatutayajua mpaka aanze shule. Kila neno analosema nalihesabu kuwa limeokolewa. Kila analosahau, silali.

Aliyekataa kupona ni Mwaitu. Si mwili. Tulinunua sufuria ya stenlesi, nyepesi, isiyo na sifa yoyote. Hakuigusa. Alichota maji, alilima, alikata kuni, lakini jikoni hakuingia. Nikimpa Ndinda amshike ananipokelea, ananirudishia upesi. Hakumwita mwenzangu tena. Alimwita "mtoto".

Majuzi, mbaazi mbichi zikiwa zimerudi, nilikuwa uani nikipindisha marinda ya sketi. Mwaitu ameketi kwenye kigoda akichambua mbaazi. Ndinda akatoka ndani na kikombe chake, kile kile cha bati, akaja moja kwa moja, akampita baba yake, akanipita mimi. Akamwekea kikombe mapajani.

"Susu," akasema. "Uji."

Mwaitu alishtuka, mbaazi zikamwagika. "Mwambie mama yako," akasema.

"Susu. Uji."

Mwaitu aliniangalia. Macho yake yalikuwa yananiomba nikatae, nadhani, na mimi nilitaka kukataa, sikufichi. Nikamwambia, "Ukwaju uko kwa rafu ya juu, Mwaitu."

Alikaa jikoni muda mrefu kuliko uji unavyohitaji. Alipotoka alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kijiko kikiwa ndani. Hakumpelekea mtoto. Alikuja akasimama mbele yangu, akaninyooshea kijiko nionje kwanza. Ndinda analia, anamvuta nguo, anautaka uji wake. Nilichukua kikombe na kile kijiko. Nikachota nikaunywa, mchachu, wa moto, nikachota kingine nikanywa, kisha nikamrudishia Mwaitu kikombe ampe mwenyewe.